Kapinga, Nafasi Yako Ilikuwapo

Kapinga mwanangu,

Naanza na jina lako la kweli, maana hapa Kolwezi tulikuwa tukilitaja ndani ya nyumba tu. Nje ulikuwa Ngalula. Watakaosoma barua hii hawalijui jambo hilo, kwa hiyo nitalieleza tangu mwanzo, nawe unayelijua univumilie. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kosa nililokutendea nililifanya kwa siri, na kwa siri nimelifuga miaka yote hii.

Ulifika kwa treni ya kutoka Kasaji ukiwa na miaka saba, umekumbatia fuko la mihogo mikavu, na ukakataa mtu yeyote akupokee mzigo. Mama yako ni dada yangu, mume wake alikuwa mtu wa reli huko. Mwaka uliotangulia, binti yetu Ngalula, aliyekuwa wa rika lako, alikwenda kwenu likizo, akapata surua, akafa siku ya nne. Alizikwa huko huko. Dada yangu alijiona amepoteza mtoto wa mwenzake. Siku aliyokuleta alichukua mkono wako akautia ndani ya mkono wa mke wangu.

"Mukamate uyu," alisema. "Mi sina kingine ya kubapatia."

Sasa kulikuwa na kitabu cha kazi, kile ambamo kampuni yetu ya mgodi iliandika mke na watoto wa kila mfanyakazi. Humo Ngalula alikuwa bado mzima. Alifia mbali, hospitali ya kampuni haikumwona, nami sikwenda kutoa habari. Shule ya kampuni ilipokea walioandikwa kitabuni tu, watoto wa ndugu walibaki nje, na kila mtaa wa wafanyakazi ulikuwa na ujanja wake. Jirani yetu alikuwa na "mapacha" ambao mmoja alimfikia mwenzake kifuani. Wote tulijua na wote tulinyamaza. Nikafanya kama wengine, nikakuambia, "Ku masomo weye ni Ngalula. Kapinga ni wa hapa nyumba."

Siku ya kwanza mwalimu aliita jina hilo mara tatu, nawe ukageuka kutafuta ni nani hayupo. Uliporudi ukaniita baba, kwa lugha yetu tata, ukaniletea habari kwa uso mkavu kabisa: "Tata, ule Ngalula hakukuya leo." Mke wangu aliingia chumbani, akakaa huko mpaka sombe, kisamvu chetu, ikaungua. Nilikugombeza wewe. Ulikuwa na miaka saba, na nilikugombeza kwa kusema kweli.

Baadaye ulizoea, au mimi nilifikiri umezoea. Ulikuwa na kichwa cha hesabu kilichonitia hofu. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa naleta nyumbani karatasi za pampu? Kazi yangu ilikuwa kutunza pampu za kutoa maji mgodini, na mkubwa wetu alitaka tumwandikie kila juma maji yaliyotoka. Nilikuwa nakaa mezani na penseli, nalaani, nafuta, naandika tena. Ulikuwa darasa la tano uliposimama nyuma yangu ukasema, "Tata, hapa ulisahabu kugawanya." Nilikufukuza. Kisha nikaangalia, na kweli nilikuwa nimesahau kugawanya. Tangu siku hiyo karatasi za pampu ulikuwa ukizipitia wewe, na mkubwa wangu akawa ananisifu mbele ya wenzangu kwamba nina akili safi. Sikumwambia akili hiyo ni ya nani.

Buleteni zako zote, zile ripoti za shule, nilizitia sahihi mimi. Wa kwanza, wa kwanza, wa pili mara moja ulipougua malaria, halafu tena wa kwanza. Nilikuwa natembea nazo mfukoni mpaka zinachanika.

Ukamaliza la pili la sekondari. Ilikuwa miaka ile tulipovua tai na kuvaa abakosi, koti lisilo na tai. Pale ndipo njia za watoto zilipoachana: wavulana wengi walikwenda ufundi, na kwa wasichana shule ya kampuni ilibakiza kushona peke yake. Aliyetaka hesabu ilimpasa kwenda lise, sekondari ya wasichana ya Masista, kulala huko huko na kurudi wakati wa likizo. Jumapili moja mwalimu wako wa hesabu alikuja nyumbani, akakataa hata kukaa.

"Tata, uyu mutoto asiende kushona," alisema. "Jina yake nilishapeleka ku Masista. Banamungoya. Weye kazi yako ni kuenda na buleteni, na karatasi ya batizo, na muzazi afike mwenyewe. Njo bile tu."

Mambo matatu tu. Ulinipigia pasi ile abakosi yangu mara mbili, ukasema mkunjo wa kwanza haukunyooka.

Nilianzia parokiani kuchukua karatasi ya ubatizo. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya padri, nikaifungua buleteni. Buleteni ilisema Ngalula. Lakini parokia ile ile ilikuwa imesoma misa ya marehemu Ngalula, aliyoiomba mke wangu, mimi mwenyewe nikiwa mstari wa mbele. Ningeombaje karatasi ya mtoto waliyemwombea pumziko? Na karatasi yako wewe, niliyokuwa nayo mfukoni kutoka Kasaji, ilisema Kapinga. Nilizishika zote mbili magotini. Nikafikiria posho ya unga tuliyoendelea kuipokea kwa jina la mtoto aliyekufa, nikafikiria nyumba ya kampuni, nikafikiria wenzangu watakavyonitazama siku ya kufukuzwa. Karani akafungua mlango, "Karibu, tata." Nikasimama, nikamwuliza misa ya Jumapili inaanza saa ngapi. Mimi, niliyeimba kwaya ya parokia ile miaka kumi.

Kwa Masista sikufika. Nilizunguka sokoni mpaka jua likawa kichwani, nikarudi. Ulikuwa umekaa mlangoni.

"Plasi zilishaisha," nilikuambia, kwamba nafasi zimekwisha.

"Hata moya?"

"Hata moya."

Hukulia. Ulichukua abakosi yangu, ukaitundika, ukaenda kuchota maji. Laiti ungelia, Kapinga, labda ningesema kweli jioni ile ile. Najua hiyo nayo ni njia ya kukutwika wewe mzigo wangu. Naiandika kwa kuwa ndivyo nilivyowaza.

Ukaenda kushona kwenye nyumba ya mafunzo ya wanawake. Ulishona vizuri, maana hukujua kufanya kitu vibaya. Ulinishonea shati la mistari, mistari ya mfukoni ikakutana na ya kifuani bila kupotoka hata kidogo, nami nikalivaa kazini na kujisifu, "Mutoto wangu njo alishona." Aibu ninayoiona leo nikikumbuka shati lile siwezi kuieleza.

Krismasi alirudi Mbombo, rafiki yako mliyesoma naye la pili, aliyepata kwenda lise. Ulitoka kwao ukaja moja kwa moja mezani. Tulikuwa tunakula, mke wangu, wewe na mimi.

"Mbombo anasema Sista alikuwa anaita jina yangu kila asubui. Juma mbili, tata. Kitanda yangu ilibakia buule. Bananiitaka, mi niko huku nashona."

Nilipaswa kukujibu kwa kupiga magoti. Badala yake nilipiga meza. Mtu aliyekamatwa ana hasira kuliko aliyeibiwa, na mimi nilikuwa nimekamatwa. Nikasema yale maneno. Mke wangu, aliyefariki miaka minne iliyopita, hakunisamehe maneno yale mpaka mwisho wake, na aliniambia hivyo waziwazi.

"Ile plasi ilikuwaka ya Ngalula," nilisema. "Haikuwaka ya weye."

Ulisogeza sahani yako kando. Kisha ukasema polepole, bila kupandisha sauti, "Kama ile plasi ni ya Ngalula, mi nilikuwaka nafanya nini mule miaka yote?"

Baada ya siku tatu ulifunga vitu vyako urudi Kasaji. Nilikusindikiza hadi stesheni kwa sababu mke wangu alinilazimisha. Miaka yote uliniita tata, hata tulipokuwa peke yetu. Ulipopanda treni uligeuka ukasema, "Bakia muzuri, mujomba."

Lilikuwa neno sahihi. Mimi ni kaka ya mama yako, ni mjomba wako. Hakuna aliyenitukana vikali kuliko wewe siku ile, na ulinitukana kwa heshima.

Nimepata habari zako kwa watu wa reli. Uliolewa, mkahamia Kisenge kwenye migodi ya manganizi, una watoto wanne. Nilikuandikia mara mbili, barua za salamu na hali ya hewa, barua za mwoga, nawe ukafanya vizuri kutojibu. Mwaka jana nilipostaafu nilifanya safari niliyopaswa kuifanya wakati ule. Nilikwenda lise. Sista mkuu wa siku zile bado yuko, amezeeka, anapalilia mboga. Nilimtajia jina tu.

"Ngalula wa hesabu?" alisema. "Tulimungoya mupaka mwezi wa kumi."

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama kati ya matuta ya kabichi na kofia mkononi. Nilitegemea atashangaa. Alipangusa udongo kwenye vidole, akaniuliza kama nilifikiri nilikuwa peke yangu.

"Mule darasa, tata, batoto saba balikuya na majina ya bengine. Tulijua. Njo maana tulikuwa tunaita muzazi afike mwenyewe. Anaingia, anafunga mulango, anatuambia mutoto ni nani, tunaandika ya kweli. Hatukuwaka tunapeleka bantu ku kampuni."

Basi kile kitu cha tatu walichokitaka, mzazi afike mwenyewe, ndicho nilichokikimbia, na ndicho kilichokuwa mlango wako. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikawa nasimama kila mara kama mgonjwa.

Na sasa nitakuambia kitu ambacho hata yeye sikumwambia, maana sikukijua bado. Kampuni niliiogopa, ndiyo. Lakini wenzangu wengi walikamatwa na ujanja ule, wakakemewa, wakaendelea na kazi. Kilichonishinda pale benchini ni kingine. Ili niseme wewe ni Kapinga, ingenibidi niseme kwa kinywa changu kwamba Ngalula amekufa. Sikuwa nimewahi kulisema mahali popote. Kila mwalimu alipoita jina lile nawe ukaitika, kwangu mimi alikuwa ameitika yeye. Nilikupenda, Kapinga, nakuapia nilikupenda, lakini nilikuwa nakutumia kumweka hai. Siku ulipotaka kwenda mbele na maisha yako, nilikuzuia.

Nakuandikia leo kwa sababu mtu mmoja wa treni aliniambia binti yako mkubwa anamaliza la pili mwaka huu, na kwamba huko mliko hakuna la tatu analolitaka. Nakusihi, usimtume mume wako wala ndugu akamwandikishe shule. Nenda wewe. Wakifungua mlango, ingia. Sema yeye ni nani na anataka nini. Kama atachagua Kolwezi, nyumba yangu ina chumba, ataandikwa kwa jina lake na mimi nitaandikwa babu yake. Ukikataa, nitaelewa sababu.

Juma lililopita nilikwenda ofisini na kile kitabu cha kazi. Nikasema nataka kusahihisha. Karani kijana akauliza, "Uyu Ngalula alikufa lini?" Nikamwambia. Akapiga mstari. Kisha nikamwomba aandike Kapinga. Akafungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akasema kitabu cha mstaafu kimefungwa, haongezwi mtu. Akaongeza, bila ubaya wowote, "Na uyu Kapinga, tata, hayuko mu karatasi yoyote hapa. Ni kama hakuikalaka Kolwezi."

Kwa hiyo naandika mimi, hapa, wasome wote. Mtoto aliyesoma katika shule ya kampuni, Kolwezi, kutoka la kwanza la msingi hadi la pili la sekondari, kwa jina la marehemu binti yangu, alikuwa Kapinga wa Kasaji. Hesabu: wa kwanza. Mwenendo: mwema sana. Uamuzi wa walimu: aendelee.

Sahihi ya mzazi haikuwapo siku ile. Naitia leo.

Mjomba wako