Naruhusiwa Kutoka Kwenye Majaribio, Si Nyumbani

Mwembesongo,
Morogoro.
12 Juni 2025

Mpendwa dada Janeth,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea? Magoti ya shemeji yanaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Dada, nimeingia kwenye majaribio ya dawa mpya ya skizofrenia, huu ugonjwa wangu wa akili, hapa mjini. Wengine wanapewa hiyo mpya, wengine ya zamani, na hatuambiwi nani anameza ipi. Yangu siijui, lakini zile sauti za kichwani zimesogea mbali, kama watu wanaogombana nyumba ya tatu. Usingizi napata. Hata mboga nikiionja inakuwa mboga.

Shida ni kaka Gervas. Tangu nilipopotea mlimani mwaka jana, akienda sokoni kuuza ndizi ananifungia kwa kufuli. Mwanzoni sikumlaumu. Sasa nina nafuu, na bado ananifungia. Nikicheka na redio, eti nimeanza. Nikinyamaza, nimeanza. Juzi nilimwambia shamba letu la Matombo analotaka kuuza tusiliuze. Akasema dawa za majaribio zimenipanda kichwani, akafunga, na siku yangu ya kliniki ikapita.

Kesho yake nesi Mwanahawa wa utafiti alikuja kunitafuta. Tukaongea dirishani. Gervas aliporudi wakakaa uani, nikawa nawasikia.

"Nikimwacha akapotea tena, mama nitamwambia nini?" kaka alisema, kisha akalia. Sijawahi kumsikia akilia.

Akanipeleka kliniki mwenyewe, amenishika mkono hadi mlangoni. Daktari akanikumbusha kuwa naweza kujitoa siku yoyote, na hakuna atakayeniuliza sababu. Nikamjibu nabaki. Tuliporudi nyumbani, Gervas akafunga kufuli.

Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye majaribio naruhusiwa kutoka, kwetu siruhusiwi. Barua hii nitampa jirani yetu Nasra kupitia dirishani aniwekee posta.

Wewe kaka anakusikiliza. Mpigie, ila usimgombeze, anaogopa. Mwombe aache mlango wazi asubuhi moja tu. Nitakaa barazani, sitakwenda popote.

Nisalimie shemeji Alois na Bernadeta wetu, mwambie anko anamkumbuka. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlale salama na muamke salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Andrea