Kilomita za Kosgei

Nakuru, 2 Februari 2025

Kwa mama yangu Nakhumicha,

Nimekuficha jambo, nami sitaki kulibeba hadi kaburini. Lakini kwanza, Eldoret hamjambo? Maxwel na watoto wazima? Mimi moyo unapiga unavyotaka. Daktari ameacha kunikataza chumvi, na daktari akikuachia chumvi ujue yeye ameshamaliza kazi yake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu ungenikatiza, nami ningekana.

Jambo ni hili: zile kilomita si zangu. Saa uliyonipa pamoja na baiskeli, ile inayohesabu kilomita na kuwatumia ninyi huko, nilimvalisha Kosgei anayetuletea maziwa kwa baiskeli. Wiki ya kwanza kundi lenu la waendesha baiskeli liliuliza kama saa imeharibika au ni mzee. Niliona haya. Kosgei alipoivaa, nikawa Simba wa Menengai, mkanichapishia hadi fulana. Mimi, niliyekuwa mkaguzi wa shule, niliyewanasa walimu waliojaza mahudhurio ya watoto wasiokuwepo.

Ile nyama choma ya Kikopey uliyonigombezea kila Jumamosi saa ilipoonyesha nimesimama huko, nikaomba msamaha, sikuionja. Kosgei ana mchumba Gilgil, jirani na hapo.

Usidhani baiskeli ilikaa bure. Kila asubuhi hutoka nayo hadi kwenye uzio wa mbuga, nikatazama nyati, nikarudi. Tangu mama yenu atuache, nilipotembea na mkongojo watu walinipisha tu. Nikiwa na baiskeli wananisimamisha. "Mzee, pancha?" Nasema hapana, tunapumzika. Basi tunaongea. Safiyo wa mahamri ananiwekea kiti, ananiambia, "Leta huyo farasi wako akae kivulini." Saa haihesabu hayo.

Ungekuwa na jina lingine, ningenyamaza. Lakini ulipewa jina la mama yangu, na yeye sikuweza kumdanganya zaidi ya wiki.

Wako,
Baba

*

Eldoret, 9 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa goti langu. Moyo wako unaendeleaje? Unalala vizuri?

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Baba, nimekuwa nikiamka na giza mwaka mzima ili nisishindwe na mzee wa miaka themanini na moja. Nilipanda milima nikilia. Kumbe nilikuwa nakimbizana na muuza maziwa. Maxwel aliposoma barua yako alicheka hadi akalala sakafuni, na sasa goti likiniuma ananiuliza kama ampigie Kosgei aje kulikanda. Kundi nimeliambia ukweli. Fulana hawataki irudi. Wanataka namba ya Kosgei.

Hasira zilipoisha, niliacha saa kwenye droo nikatoka na baiskeli. Mwanzoni nilijihisi kama nimesahau kuvaa viatu. Kila mara naangalia mkono, hakuna kitu. Nikafika kwa mama mmoja anayechoma mahindi, mahali ninapopita kila siku, nikasimama. Akaniambia, "Kumbe wewe una uso. Mimi nilijua mgongo tu." Tuliongea mpaka moto wake ukazima. Sijui nilienda umbali gani, na hakuna aliyeniuliza.

Pasaka nakuja na baiskeli yangu. Twende sisi wawili hadi kwenye huo uzio, polepole, bila saa. Unajua sijawahi kukuona ukiendesha? Ulinifundisha kwa kukimbia nyuma yangu, umeshika kiti. Safari hii wewe tangulia, nami nifuate.

Binti yako,
Nakhumicha

*

Nakuru, 3 Aprili 2025

Mama yangu,

Nashukuru kwa salamu, na goti lipake dawa. Mimi sitoki tena nje. Safiyo ananiletea mahamri hapa kitandani, na baiskeli imeegemezwa ukutani niione. Watu wanaopita huniita dirishani kumuulizia farasi. Kosgei anapanguza vumbi kwenye usukani na kujisifu kuhusu wafuasi wake wa Eldoret. Atakuja kwako na mchumba wake, mwandalie nyama.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Hapo kwa mama wa mahindi nilicheka hadi nesi anayenitunza hapa nyumbani akaja mbio. Lakini mwisho wake umeninyima usingizi. Unataka nitangulie.

Unakumbuka siku ile uwanjani? Uliniuliza, "Baba, niangalie wapi?" Nikakwambia angalia mbele. Nilikuwa nimesikia watu wakisema hivyo. Ulipouliza breki inashikwaje, nikakwambia utajua mwenyewe, na kweli ulijua, ukutani. Nikakuokota, nikakusifu, nikamwambia mama yenu kwamba mwalimu mzuri hasemi mengi.

Usingoje Pasaka. Daktari ameniruhusu sasa hata nyama ya Kikopey. Njoo wiki hii, uchukue baiskeli yangu, twende hadi uzioni jinsi mimi ninavyokwenda nayo: kwa miguu, nimeishika usukani, naisukuma. Kama siwezi kusimama, nenda nayo wewe, nami nitakungoja dirishani. Wakikuuliza kama ni pancha, waambie mnapumzika.

Hili alilijua Nakhumicha mmoja tu, aliyenizaa, na alikwenda nalo. Sasa walijue wote wawili.

Sijui kuendesha baiskeli, mama. Sijawahi kujua.

Mwanao, na baba yako,
Makokha