Tulikuitia Modemu, Si Kilio

Manika, Kolwezi

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijakuuliza umelalaje, neno hili liingie kwanza masikioni mwako: Serge mwanao yuko hai. Ni mzima, anakula, amenenepa. Charlotte, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, rudi nyuma umsomee hayo tena polepole, ndipo uendelee.

Sasa nakusalimu, Mama. Huku kwetu sote tu wazima. Mume wangu bado anaendesha lori kule machimbo ya Mashamba, na jioni anarudi mwekundu kwa vumbi mpaka watoto wanamkimbia. Kevin ameng'oka jino la mbele na anajiona mzee. Mimi nashona kama kawaida, nguo za harusi ndizo zinazotulisha. Mguu wako je? Unaupaka yale mafuta, au umempa tena jirani kwa huruma zako?

Charlotte ameniambia kwamba tangu nilipokupigia simu umeketi mkekani na hutaki kula, na kwamba watu wamejaa uani, lupango mzima, wanakulilia mwana. Nilicheka, Mama, nisamehe. Halafu nikalia kweli. Acha nikueleze yote tangu mwanzo, pamoja na habari ya mashine yenyewe, maana ukiielewa mashine utaelewa kwa nini nilikuita.

Unajua tangu Serge aende Kanada hatukuwa tumeuona uso wake vizuri. Alikuwa akinipigia kwa picha, lakini intaneti ya simu yangu iliisha kabla hajamaliza salamu, na sura yake iliganda mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nilichoka kuzungumza na mdogo wangu aliyeganda. Basi mume wangu akasema tuweke intaneti ya nyumbani, tuache kubahatisha.

Akaja fundi, Tata Ilunga, mtu mzima mpole, na ngazi yake begani. Alichotoa mfukoni kilinishangaza kwa udogo. Ni kisanduku cheupe, kama kitabu cha misa, chenye antena mbili zinazosimama kama masikio ya sungura. Hicho ndicho modemu. Ndani mnawekwa kadi kama ile ya simu. Kinavuta rezo, yaani mtandao, kutoka mnarani, kisha kinaigawa nyumba nzima bila waya wowote: simu yangu, simu ya mume wangu, hata televisheni, zote kwa wakati mmoja na hakuna inayomnyang'anya mwenzake. Mbele kina taa. Ikiwa ya kijani, mambo sawa. Ikiwa nyekundu, ujue rezo imepotea. Umeme ukikatika, na unajua hapa unavyokatika, kuna betri ndogo pembeni inayokishikilia mpaka urudi.

Mimi, kwa kuwa ni mtoto wako, nilitaka kukifungia kwenye bufe pamoja na sahani za wageni na ufunguo niuvae shingoni. Tata Ilunga akanitazama.

“Mama, hapana kuifungia mule. Hii haiko sahani ya bageni. Inapenda hewa, ukiifunika itapata moto na kuzimika.”

“Na vumbi, Tata? Malori inapita hapa kila saa.”

“Utaipangusa na kitambaa kikavu. Maji hapana, hata kidogo.”

Akazunguka vyumba vyote na simu yake mkononi, taratibu kama padri anayebariki nyumba, akitafuta mahali rezo ilipo nzuri. Jikoni, chini ya mabati, hakuna kitu. Karibu na friji, mbaya. Mwishowe akasimama sebuleni kando ya dirisha la barabarani na kusema fasi, mahali pake, ni hapa, juu, pale pale ninapomtundika Bikira Maria. Mume wangu, Mmethodisti wangu yule, alitazama dari akajifanya hakusikia. Nikamwambia fundi kwamba Mama Maria atasogea kidogo lakini hatatoka. Sasa wamekaa bega kwa bega, na usiku taa ya kijani inamwangazia miguu.

Ilipowaka, fundi akatuambia tuchague neno la siri, ili jirani wasije wakajinywea rezo yetu bure. Nikachagua jina ulilokuwa ukiitwa ulipokuwa msichana. Hapa Manika nzima hakuna anayelijua.

Jumapili baada ya misa tukampigia Serge. Mama, alitokea mzima mzima, hagandi, hakatiki. Nilimwona mpaka kovu la nyusi. Amefuga ndevu, na zimeota vilevile kama za Baba, nyingi kidevuni na mashavuni hamna kitu. Akageuza simu kutuonyesha chumba chake, dirisha lenye theluji, na sufuria ya bukari, ugali aliousonga mwenyewe, umejaa mabonge. Sombe, majani ya muhogo, ananunua ya pakiti iliyogandishwa. Anasema haina ladha kwa sababu hakuna wa kuitia chumvi mara mbili kama wewe. Hilo amesema nikuambie hivyo hivyo.

Halafu akatazama nyuma yangu, kama anatafuta mtu sebuleni.

“Yaya, dada yangu, na mama eko wapi?”

“Eko ku Kasaji. Kule rezo ya picha haifike.”

“Mi nataka anione. Sauti tu haitamutosha, minamujua. Umuite akuye kwako.”

Tulipomaliza nililia kwa furaha mpaka nikakaukiwa sauti. Na hapo hapo, bila kunywa hata maji, nikakupigia. Kichwani nilijiambia nisikufichulie, nikutengenezee furaha ya kushtukiza. Nikakuita uje, kwa sauti ile ya kilio: “Mama, kuya ku Kolwezi. Usiulize kitu. Utajua hapa.” Wewe ukauliza kitu kimoja tu: “Nani?” Nami kwa upumbavu wangu nikajibu: “Kuya tu, Mama.” Simu ikakatika, nawe jina ukalijaza mwenyewe, maana mwana aliye mbali kuliko wote ni Serge.

Sasa naona nilichokifanya. Ndivyo baba wadogo walivyokuita siku ile Baba alipokuwa hospitali hapa. Njoo, anaendelea vizuri, utajua ukifika. Ukafika na chupa yake ya chai, ukakuta watu wameketi chini. Tangu siku hiyo mtu akikuambia “njoo” bila sababu, unajua tafsiri yake. Charlotte alipokupa simu usikie sauti ya Serge, ulisema ni binamu anayemuiga. Sikulaumu. Sisi watu wa huku tunaficha kifo kwa upendo, mpaka tunashindwa kuonyesha kwamba mtu yuko hai.

Nilitaka kupanda gari nije nikuchukue. Mume wangu akanizuia. “Mama akikuona tu unashuka, ataanguka kabla hujamusalimia.” Ni kweli. Kwa hiyo nimeketi naandika, na barua nampa Tata Kasongo, yule anayekuja Kasaji kununua mahindi. Nimemwagiza afike akicheka.

Njoo, Mama. Njoo na Charlotte. Safari hii sababu naitaja waziwazi: njoo umwone mwanao usoni, umkemee kuhusu zile ndevu. Amesema kila Jumapili baada ya misa atakuwa amekaa mbele ya simu yake amevaa shati zuri, na hataondoka mpaka tumwambie kwamba bado hujafika. Jumapili iliyopita alisubiri. Nilipomwambia hujaja kwa sababu unamlilia, alifunika uso kwa mikono, na sikujua nimfarijije mtu aliye hai.

Nisalimie mama mkubwa anayeuza chumvi sokoni, na katekista aliyetufundisha kabla ya ndoa. Nisalimie majirani wote walioketi nawe mkekani. Waambie Mungu awalipe, machozi yao hayakupotea, wayaweke akiba kwa ajili ya kazi nyingine, nasi tutawapikia.

Na kama bado moyo unakataa, Mama, basi fikiri jambo hili, maana wewe ndiwe uliyetufundisha. Habari ya kifo haiandikwi. Inapelekwa na watu. Wanaingia, wanaketi, wanakushika mikono yote miwili, ndipo mmoja anasema. Kama Serge angekuwa amekufa, nisingekutumia karatasi. Ningekuwa nimeketi hapo kando yako, nimekushika. Angalia kulia kwako na kushoto kwako. Sipo, Mama.

Mwanao anayekungoja,
Bernadette, mama Kevin