Mtumbwi Wako Una Jina la Mjomba

Mama yangu mpendwa,

Nimerudi jana kutoka Rumonge na hasira bado hazijanitoka. Nakuandikia wewe kwa sababu nyingi kati ya hizo ni zako, na sina mwingine wa kumpelekea.

Siku hizi kuna makumbusho ya uvuvi, mama. Usiwaze jumba kubwa. Ni ile stoo ya zamani ya mawese pale juu ya barabara, wameipaka chokaa na kuitia madirisha. Kule chini ulikokuwa unaanika ndagala, wale dagaa wetu, hakuna kitu tena. Ziwa limepanda, limemeza mchanga wote na nyumba yetu pamoja nao. Kilichobaki cha ufuko wetu kimo ndani ya chumba kile kimoja. Karabai, zile taa za kuvulia usiku, zimepangwa mezani, zimesuguliwa mpaka zinang'aa kuliko zilivyowahi kung'aa zikiwa kazini. Nyavu zimetundikwa ukutani. Samaki mmoja wa mukeke, mkavu, yumo ndani ya sanduku la kioo, mdomo wazi, anashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Katikati ya chumba upo mtumbwi wako. Niliujua kabla sijausogelea. Ni mmoja tu wa ile miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukining'inia katikati. Wa pili sijui umeishia wapi, labda uligeuzwa kuni za kupikia maharage. Na huu mmoja wameukata nyuma ili uingie mlangoni. Madirisha waliyatoboa wenyewe, ukuta ni wao, lakini waliona heri wakate mtumbwi. Mbele yake kuna kikaratasi kwa Kifaransa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili: mtumbwi wa mvuvi Ramazani, mwenyeji wa Rumonge. Kwa hiyo mjomba Ramazani ameumiliki kwa lugha tatu. Wewe hukutajwa hata kwa moja.

Msichana anayetembeza wageni ni mpole, mtu wa Bugarama. Nilimwambia mtumbwi huu ni wa mama yangu, si wa mjomba. Akaniuliza kama nina papier, hati yoyote ya kuonyesha. Papier gani, mama? Ulihakikisha hakuna.

"Munisamehe, mama," akaniambia. "Mwenye aliileta ndiye alisema iko ya kwake."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikakukumbuka kwa ubaya kwanza, kisha kwa uzuri. Baba alipofariki, watu walitegemea uuze ndagala za kupimwa kwa kopo mpaka uzeeke. Wewe ukaweka akiba, ukamwita fundi, ukachongesha mitumbwi miwili mipya. Halafu ukamwambia mdogo wako aseme ni ya kwake, maana wavuvi wakijua chombo ni cha mwanamke hawapandi, watasema wavu utarudi mtupu. Mjomba akawa mwenye mtumbwi mbele ya watu. Jioni anakuja kwa mlango wa jikoni na kukukabidhi hesabu, sisi watoto tukiwa tumekatazwa kufungua mdomo.

Unakumbuka asubuhi zile za kupokea samaki? Ulikuwa unasimama na wachuuzi wenzako, kitenge kimekazwa kiunoni, na unagombana na mdogo wako juu ya bei ya ndagala zako mwenyewe. Unamwita mwizi mbele ya watu. Unaondoka kwa hasira, unarudi, anakupunguzia kidogo, wenzako wanacheka kwamba Ramazani hana huruma hata kwa dada yake. Nilikuwa nakuangalia na tumbo linaniuma kwa kuzuia kicheko. Wakati ule niliona ni mchezo mzuri sana.

Na Ijumaa. Wakati wa mwezi mkubwa, taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu kutengenezwa. Wewe ulikuwa unasubiri mchana wa Ijumaa, wanaume wote wako msikitini, ufuko mtupu. Ndipo tunashuka, wewe na mimi, tukiwa na pamba na kopo la mawese uliyoyachemsha nyumbani. Unapitisha kiganja kwenye mbao, unasikiliza kwa vidole pale maji yanapoingilia, unaziba. Siku moja uliuchukua mkono wangu na kuuweka kwenye mbao. "Shika hapa," ukasema. "Huyu ndiye anakusomesha." Kisha ukanihimiza tuondoke kabla swala haijaisha. Tukarudi nyumbani mikono ikinuka mawese, na ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tena usoni mwako.

Sasa niambie, mama, nani mwingine aliyekuona?

Nilikwenda kwa mjomba nimejaa maneno. Amezeeka, macho yamefifia, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa. Nilimwita mlaghai, nasikitika kukuambia. Hakukasirika.

"Mama yako ndiye alinituma niseme iko yangu," akasema. "Nimesema miaka yote, hata bibi yangu niliyemuoa sikumuambia. Sasa unataka nimugeuke kwa sababu iko kwenye kaburi?"

Hapo hasira yote ikakugeukia wewe. Ulijificha vizuri mno. Ulijificha hata mtu mwaminifu kuliko wote, kwa uaminifu wake, ndiye anayekufuta. Sisi wengine tungefanya nini na siri ya namna hiyo? Ulidhani tutaishi nayo mpaka lini? Nilitamani ungekuwepo nikugombeze uso kwa uso, kama ulivyokuwa unamgombeza yeye pale mchangani.

Mwishowe nikamuuliza swali moja tu, nani atakataa kuupanda leo. Mtumbwi umekatwa, umo ndani ya nyumba, hauendi popote, hauna wavu wa kurudi mtupu. Mjomba akasukuma kando kikombe cha chai. Kisha akaomba kofia yake.

Tulipanda polepole hadi makumbusho. Akasimama mbele ya yule msichana wa Bugarama na kumwambia, bila kuzunguka, kwamba alidanganya kwa kuagizwa, na sasa amejiagiza mwenyewe kusema kweli. "Andika ni ya dada yangu," akasema. Msichana akachukua kalamu, akauliza dada anaitwa nani.

"Mama Yasini," akajibu mjomba.

Nikamshika msichana mkono kabla hajaandika. Yasini ni kaka yangu na ninampenda, lakini yuko Kigoma anauza simu, na ndagala anaziogopa mpaka leo kwa ile harufu. Tumtoe mwanamume mmoja kwenye kikaratasi tumuweke mwingine? Nikasema andika jina lake mwenyewe. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asiokaa. Maisha yake yote alikuita dada, na mjini kote ulikuwa Mama Yasini. Jina lako nililitaja mimi, na nilipolitaja nikasikia kwamba sijawahi kulitamka kwa sauti.

Msichana akaandika: mtumbwi wa Mwavita, mfanyabiashara wa samaki, Rumonge. Akaandika mara tatu, kwa kila lugha. Nilidhani sasa nitafurahi.

Wakati ule ule akaingia Mama Shabani, yule mliyeanika naye ndagala bega kwa bega tangu sijazaliwa. Alimwona mjomba akipanda kilima akamfuata kujua kuna nini. Anasoma kidogo kidogo, kwa kidole. Akafika kwenye jina, akaniuliza Mwavita ni nani, ametoka wapi huyo.

Nikamwambia ni Mama Yasini.

Akatazama mtumbwi, akatazama karatasi tena.

"Kumbe alikuwa na jina," akasema.

Pumzika, mama. Nimekukasirikia na bado ninakutaka, vyote pamoja, na sioni kimoja kikiondoka kabla ya kingine.

Ni mimi, mtoto wako wa pili, yule ambaye hukuitwa kwa jina lake.