Medali Yangu Imenadiwa Kanisani Pamoja na Jogoo

Jumatatu, Singida mjini. Upepo wa leo ni ule wa kupuliza vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai. Nimefungua kibanda, nimekaa mbele ya cherehani, na gauni la mteja limelala hapa halijaguswa tangu nilipofika. Nina hasira. Nalisema mapema ili anayesoma asije akalalamika kwamba sikumwonya.

Jana medali yangu imenadiwa kanisani.

Imenadiwa pamoja na jogoo.

Sitanii. Natamani ningekuwa natania.

Nianze na Jumamosi. Kulikuwa na mbio za mlimani kule Sekenke, zile za kukimbia kwenye njia za miguu, si barabarani. Mnaanzia chini bondeni, mnapanda mlima kwa njia ya mbuzi, mnapita huko juu kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu, halafu mnateremka upande mwingine mnarudi mlipoanzia. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mwili ninao. Nilianza kukimbia baada ya nesi kunipima presha na kunitazama kama mtu aliyekwisha nunuliwa sanda. Nikaanza taratibu, alfajiri, pembeni ya ziwa, na vijana wa bodaboda wananiuliza kama nimeibiwa. Mama Joshua, mwizi kaelekea wapi? Kila siku utani ule ule, na kila siku wanacheka kama wameutunga muda huo.

Nilikimbia hivyo hivyo mpaka wakachoka wao.

Jumamosi nimekuwa wa mwisho. Sisemi wa mwisho mwisho, nasema wa mwisho kabisa. Nyuma yangu alikuwepo dada wa huduma ya kwanza tu, na yeye alikuwa anatembea. Nilipofika wameshaanza kukunja maturubai, vikombe vya washindi vimeshagawiwa na mgeni rasmi ameshaondoka na msafara wake. Lakini dada mmoja wa waandaaji akaniona, akakimbilia boksi, akaja kunivisha medali shingoni. Ina utepe wa kijani na picha ya mlima. Chini yake imeandikwa neno moja tu: NIMEMALIZA.

Nikalia. Nililia mpaka yule dada wa huduma ya kwanza akadhani nimeumia, akaanza kufungua mkoba wake.

Mtu ambaye amewahi kuvishwa vitu hawezi kunielewa. Shuleni zawadi walikuwa wanaitwa wengine, mimi kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Hata pete ya ndoa nilijinunulia mwenyewe, maana Baba Joshua wakati ule alikuwa anajitafuta. Miaka yote nashona sare za watu wengine wanaoenda kupongezwa: maharusi, wahitimu, wanakwaya wenye mashindano. Nawapima vifua, nawavalisha, wanaondoka. Jumamosi kifua kilikuwa changu.

Mama yangu anaishi hapo hapo chini ya mlima, kwa hiyo asubuhi nilitokea kwake, na jioni nikarudi kulala kwake. Sikuipeleka medali kwa mume wala kwa watoto, niliipeleka kwanza kwa mama. Nilimkuta amekaa mlangoni, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Akanitazama miguu, akanitazama uso, akasema, “Umerudi.” Nikamwambia ndiyo mama, tazama. Akaishika medali, akaipima uzito kiganjani kama anavyopima kitunguu sokoni, akanirudishia. Akaenda kunichemshia maji ya kuoga.

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Nikaitundika kwenye msumari juu ya kalenda, nikala ugali na mlenda, nikalala.

Jumapili sikuweza kuinuka. Mapaja yalikuwa yanawaka, na kushuka kitandani ilikuwa mtihani. Nikamwambia mama atangulie kanisani, Mungu ananijua nilipo. Nilimsikia anajiandaa, nikasikia mlango. Sikutazama msumari. Nani anaamka na kutazama msumari?

Ambaye hajakulia kwetu nimweleze. Kanisani kwetu watu hawatoi fedha tu. Ukivuna unaleta debe la mtama, kuku wako wakitaga unaleta mayai, ukipata jambo la kushukuru unaleta kitu. Ibada ikiisha, watu wanatoka nje, mzee mmoja wa kanisa anasimama na kunadi vile vitu kimoja kimoja, wanaotaka wananunua, fedha inaingia kanisani. Mimi mwenyewe nimenunua maboga mengi sana pale. Ni jambo zuri. Nimelipenda tangu utoto.

Nililipenda mpaka jana.

Mama alirudi mchana, uso umekunjuka kama mtu aliyetua mzigo. Akaniambia, “Nimekutolea shukrani.” Nikasema asante mama, umetoa nini? Akasema, “Ile ya kwako.” Hapo ndipo nikatazama msumari.

Msumari mtupu. Mdogo wangu Tabitha, ambaye ni mwanakwaya na alikuwepo, akaingia nyuma ya mama akiwa ameshika mdomo wake. Nilidhani ananionea huruma. Alikuwa anazuia kicheko.

Yeye ndiye aliyenihadithia, na afadhali asingenihadithia. Eti mnadishaji aliinyanyua medali juu akatangaza, “Hii ni ya binti yetu, mshindi wa mlima!” Mtu akasema kwa sauti kutoka nyuma, “Mshindi wapi, alikuwa wa mwisho, nilimwona!” Watu wakacheka. Mwingine akauliza, kama alikuwa wa mwisho, amepewa ya nini? Akajibiwa labda ni ya pole. Mnadishaji akaita bei, kimya. Akashusha, kimya. Mkungu wa ndizi umeshagombaniwa pale, mayai yamegombaniwa, hata ule ufagio wa chelewa umegombaniwa. Medali yangu imesimama hewani na hakuna mkono.

Sasa kwa kawaida, kitu kikikosa mnunuzi, mnadishaji anakiunganisha na kingine kinachopendwa. Akaiunganisha na jogoo. Mikono ikainuka.

Jogoo alikuwa mkubwa, anasema Tabitha. Kana kwamba hilo litanifariji!

Aliyenunua ni Mzee Msengi, mwenye mashine ya kusaga. Nikajikokota mpaka kwake mchana huo huo, natembea kama bata, kila niliyepishana naye njiani ananipa pole ya miguu na mimi najibu nimeshapoa huku moyoni nachemka. Nikamkuta mbele ya mashine yake. Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanivutia kigoda. Jogoo alikuwa tayari sufuriani, harufu nilikuwa naisikia. Na medali yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kufuli la mlango wa mashine. Ameitundikia funguo.

“Tangu niwe na mashine hii nazipoteza funguo,” akaniambia, amefurahi kweli kweli. “Sasa hivi hazipotei. Tazama utepe ulivyo mrefu.”

Nikamweleza. Nilimweleza kwa heshima zote, kwamba kile kitu ni changu, mama alikichukua bila kuniuliza, na niko tayari kununua kingine cha thamani nikatoe kanisani. Mzee wa watu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka. Akazitoa funguo, akaishika medali, akalisoma lile neno, akaifuta unga kwa kidole gumba.

“Mwanangu, mimi sina shida nayo. Lakini mama yako amesimama mbele ya kanisa zima akasema anamshukuru Mungu kwa hii. Nikikupa wewe kwa mlango wa nyuma, nitakuwa nimemvunjia heshima. Aje mwenyewe aniambie, Msengi mrudishie. Nitairudisha saa hiyo hiyo.”

Utamjibu nini mzee kama huyo? Nilitamani angekuwa mkorofi. Mkorofi ningemuweza.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama anachambua choroko. Nikasema mama, twende kwa Mzee Msengi, neno lako moja tu. Hakuinua kichwa. Akasema kitu kikishatolewa kimetolewa. Nikasema hukutoa chako, ulitoa changu. Akasema malimbuko ni malimbuko, cha kwanza ni cha Mungu, utakimbia tena upate kingine. Hapo nikapandisha sauti. Nikamwambia mama yangu mzazi maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamuuliza kwa nini asingetoa kuku wake, ana kuku wangapi wanazurura pale uani! Nikamwambia hajui nimeteseka kiasi gani kupanda ule mlima.

Akaacha choroko. Akahamia Kinyiramba, na mama akihamia Kinyiramba ujue mchezo umeisha.

Akasema yeye ndiye asiyejua ule mlima? Baba yenu aliupanda asubuhi kama ulivyoupanda wewe, amebeba sururu, ameniachia uji jikoni. Shimo likamfunika, na kilichoshuka ni sururu tu, imeletwa na wenzake. Wewe nimekaa mlangoni tangu umetoka mpaka umerudi. Sikula. Nilimwambia Mungu, huyu ukimshusha nitakupa chochote atakachoshuka nacho. Ungeshuka na jiwe, ningepeleka jiwe.

Tabitha akatoka nje. Mimi nikabaki nimesimama na mapaja yangu yanayowaka.

Nilikuwa mdogo sana baba alipokufa. Kwetu jambo hilo halizungumzwi. Tunajua alifia machimboni, tunajua ni huko juu, na mama hajawahi kukanyaga huko. Akitaka kuja Singida anainamisha kichwa basi likifika kwenye kona za mlima, hanyanyuki mpaka aambiwe tumeshavuka. Nilipojiandikisha mbio sikufikiri. Kweli kabisa sikufikiri. Nilitazama ramani ya waandaaji nikaona mlima, nikaona maji yanagawiwa wapi, basi.

Leo asubuhi nimeondoka bila kuagana vizuri. Amenifungia karanga. Nimezipokea nikasema haya.

Na hapa kibandani ndiyo kabisa. Kila mteja anauliza, Mama Joshua medali iko wapi tuione? Nikisema sina, wananitazama kwa lile jicho. Mmoja wa vijana wa bodaboda ameshatangaza kijiweni kwamba niliishia njiani nikapanda pikipiki. Picha sina, simu iliishiwa chaji nikiwa mlimani. Baba Joshua anasema kwa nini ung'ang'anie kipande cha bati, sisi tunajua umemaliza. Ndiyo, mnajua. Lakini nilitaka kuiona ukutani kila nikiamka, mimi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hilo ni kosa?

Kinachonichosha ni kwamba hasira ninayo na sina pa kuipeleka. Mzee Msengi ni muungwana. Mnadishaji alikuwa kazini. Na mama, utamkasirikia vipi mtu aliyeshinda njaa mlangoni kwa ajili yako? Lakini nimemkasirikia. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu ataniona sina akili. Nampenda na nimemkasirikia, vyote viwili, na hakuna kinachopungua.

Alasiri hii amenipigia simu. Mama hapigi simu, yeye anabipu. Nikajua kuna msiba. Nikapokea haraka, akaniuliza miguu inaendeleaje, nikasema inaendelea. Akauliza upepo, nikasema upo. Hakukata simu. Nilidhani anataka kuniambia habari za medali, nikajiandaa kwa maneno yangu.

Akauliza, “Ulipita pale?”

Nikasema nilipita.

“Pakoje?”

Sijawahi kumsikia mama akiuliza hivyo. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba kuna majani marefu, mashimo mengine yamefukiwa na mengine yamezungushiwa miiba, na waandaaji walituambia tupitie kushoto. Nikamwambia sikujua lipi ni lake, kwa hiyo nilikaa chini kwenye jiwe, nikakaa muda, wakanipita wote, dada wa huduma ya kwanza akasimama kando akanisubiri na wala hakuuliza. Ndiyo sababu nikawa wa mwisho. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata Tabitha.

Nikamwambia panapiga upepo sana, na kutoka pale unaona bonde lote. Unaona barabara, unaona mashamba ya alizeti. Unaona na mabati ya nyumba yetu.

“Nyumba yetu inaonekana?”

Nikasema inaonekana, mama. Hata uani. Kama mtu ameanika nguo unaziona.

 Mama akasema, taratibu, si kama anaongea na mimi:

“Kumbe alikuwa anatuona.”

 Nimekaa hapa, gauni la mteja bado halijaguswa. Medali yangu bado naitaka, lakini kwenye simu sikuitaja.