Taa za Trela Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Baba Pacha karudi usiku na trela giza totoro! Hakuna hata taa moja. Kafunga simu yake nyuma kwa mpira wa tyubu, tochi imewashwa, ndiyo ikawa taa ya nyuma. Nikagomba. Nikamwambia mimi ujane siutaki. Akacheka — eti mke fundi umeme wa magari, trela la nyumbani kipofu. Mganga hajigangi, Mama Pacha!

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda chini ya trela. Balbu nzima, fyuzi nzima. Plagi ina kutu, nikaipiga msasa. Wapi! Nikaenda kunywa chai kwa hasira. Kurudi, wapakiaji wameshajaza saruji. Nawasha — zote zinawaka! Breki, indiketa, zote. Nikasema ni msasa. Nilikuwa nimechoka, sikuchunguza zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Kaondoka alfajiri. Kanipigia kutoka kituo cha mafuta: taa safi, fundi wangu hana mpinzani. Nimetembea kifua mbele siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Jioni jirani mchomeleaji kaja kurudisha drili. Hivi, akauliza, ule waya mweupe niliokata wiki jana nikichomelea trela lenu, uliuunga?

Waya gani?

Huo ndio ethi, waya wa kurudishia umeme! Bila huo umeme unarudi kwa chuma kugusana na chuma tu, pale trela linaposhikana na pikapu. Saruji ilikuwa inakandamiza, ndiyo maana taa ziliwaka. Trela likiwa tupu linarukaruka, taa zinakufa. Na mimi nikajisifu! Nimemfokea mchomeleaji wa watu, lakini aliyesema trela limepona ni mimi.

Nimempigia wifi, huko mzigo ulikokwenda. Kaka yake kashusha saruji, kaondoka zamani. Jua limeshazama. Barabara ile imejaa malori, na madereva wake hawana simile.

Simu yake inaita, haipokelewi. Nimepiga, nimepiga. Naogopa.

Halafu nikakumbuka mpira wa tyubu. Kama kagundua giza, simu iko nyuma ya trela, inamulika. Kila nikipiga namlia chaji ya taa yake pekee.

Nimeacha kupiga. Pacha wananiuliza mbona simtafuti tena baba yao.