Kanda za Mbayuwayu

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kulia ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Wewe je, kifua kimepona? Umeanza kuvaa barakoa hapo karakanani, au bado unavuta rangi ya magari ya watu kama uvumba?

Usishangae nimeandika barua. Nikikuandikia kwenye simu unanijibu kwa dole gumba.

Ile video uliyomrekodi Mbayuwayu alipokuja kuimba huko imefika. Nimeitazama papo hapo; mteja wangu akangoja gauni lake likiwa na mkono mmoja. Hukumu yangu, bila upendeleo: picha safi, ndevu zake nyeupe ningeweza kuzichana. Lakini mkono ulitikisika, na kila kiitikio uliimba. Nimekusikia wewe kuliko yeye. Mzee wa miaka sabini na ushei anahangaika na gitaa lake, na wewe unamzidi sauti! Nimeiweka kwenye fungu la za kutunza kwa sababu ya undugu.

Sasa sikia. Kuna fundi saa amehamia kibanda cha jirani. Aliisikia video yako, akaja mlangoni: "Huyo ni Mbayuwayu, lakini huyu anayeimba puani ni nani?" Nikacheka hadi nikajichoma sindano. Kumbe ana kanda alizorekodi mwenyewe zamani, kwa kamera ya kubeba begani, Mbayuwayu akiwa na nywele nyeusi na magitaa ya umeme yakinguruma nyuma yake. Amezihamishia kwenye simu. Nakutumia tatu. Sikiliza hasa ile ya uwanjani kwenye mvua. Ngoma na gitaa, kila kimoja unakisikia mahali pake. Tangu tuanze kukusanya, hatujapata kitu kama hiki.

Mama yako.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo. Barakoa navaa.

Nimezitazama zote tatu. Mama, tulipoanza kukusanya baada ya msiba wa Baba tulikubaliana kwamba anayehukumu video asiangalie sura ya aliyeirekodi. Wewe umeiangalia mno. Kifua changu kimepata sentensi moja, fundi saa amepata nusu barua. Mapenzi ni kikohozi, Mama.

Na mimi nina hukumu yangu. Sauti ni safi, sikatai. Picha je, umeitazama? Kila kikifika kiitikio, kamera inamwacha Mbayuwayu na kumwendea mwanamke wa mstari wa mbele mwenye kitambaa cha njano. Kanda zote tatu! Viwanja tofauti, miaka tofauti, mwanamke yule yule. Mtu aliyekwenda kumrekodi mwimbaji, hapo anarekodi nini? Muulize. Mimi naimba puani, sawa, lakini kamera yangu haikuhama.

Na chakula cha mchana anakula wapi, huyo fundi? Nauliza tu.

Mwanao.


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili.

Chakula cha mchana alikuwa anakula kwangu, maana kibanda chake hakina jiko. Umeridhika?

Yule mwanamke nilikuwa nimemwona. Mama yako anatunga uzi kwa macho haya haya. Nilijiambia ni dada yake. Anayetaka kudanganyika hahitaji msaidizi. Barua yako ilipofika nikazitazama tena, sauti nimezima. Ukizima sauti ndipo unajua kanda ni ya nani. Alikuwa mzuri, mwanangu. Akicheka anaziba meno kwa kiganja. Na ule mkono wa kamera uliotulia kama msumari kwa Mbayuwayu, ukifika kwake unatetemeka.

Nikamuuliza tukiwa mezani. Hakusita: "Ni marehemu mke wangu." Nikampa pole. Kisha nikafanya jambo la kitoto. Nikamwambia kanda zake hazina kiwango, kwa sababu kamera inahamahama. Akanitazama, akasema, "Kumbe." Akaosha sahani yake mwenyewe, akaondoka. Siku hizi namwona anakula mkate mkavu kibandani, mgongo kanipa mimi.

Umri wangu huu, namwonea wivu aliyelala kaburini. Ila baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kunigeuzia kamera, hata ya kuazima. Alikuwa mtu mwema, mtu wa taarifa ya habari. Mbayuwayu akianza tu kuimba, yeye alitoka nje kwenda kukagua tairi za baiskeli.

Usinitumie video nyingine. Za kwenye simu nimezifuta zote, na ile yako ya kuimba puani pia.

Mama yako.


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Mama,

U hali gani? Barua yangu ya Aprili hukuijibu, na kwenye simu unasema "mzima" halafu unakata. Mimi sijambo.

Uliponiambia fundi ameondoka mezani kwako, nilifurahi. Siku nzima nilipaka rangi huku napiga mbinja, hadi wenzangu wakauliza kama nimepata mchumba. Jioni nikafungua video mpya ya Mbayuwayu, aliyoirekodi mtu kutoka juu ya mti, majani yamejaa usoni kwa mwimbaji. Nikacheka. Nikageuka nikuambie. Kumbe sina wa kumwambia. Tangu hapo sijafungua nyingine.

Nimesoma kwamba mwisho wa Juni Mbayuwayu atapiga huko mjini kwenu. Wanasema ni ziara yake ya mwisho, ingawa alisema hivyo hata zamani. Nenda, Mama. Na usiende peke yako. Kama kuna jirani unayeweza kufuatana naye, fuatana naye. Siwezi kuliandika vizuri kuliko hapo, mkono unakataa.

Mwanao.


Tarehe 2 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na unisamehe ukimya. Ulikuwa ukimya wa aibu, si wa hasira.

Nilikwenda peke yangu. Kiburi, unakijua. Nilishona gauni la buluu kwa siku hiyo, nikaingia mapema nikashika mstari wa mbele. Nikageuka, nikamwona fundi amesimama upande, simu yake ameifunga kwenye fimbo.

Mbayuwayu ametoka na gitaa, anatembea kama mtu anayebeba yai, lakini alipofungua mdomo, lo! Kikafika kiitikio. Mwanangu, nilijiweka sawa. Nikanyoosha shingo. Nikatazama kwa pembe ya jicho: kamera iko kwa Mbayuwayu. Kiitikio kingine, Mbayuwayu. Onyesho zima haikuhama hata kidogo! Nilikasirika kiasi kwamba wimbo wa mwisho niliusikia nusu.

Nikamngoja langoni. "Siku hizi kamera yako imejifunza adabu," nikamwambia.

"Kamera nilimwachia mzee," akasema. "Wewe nilikuwa nakutazama kwa macho."

Nikamwambia huo ni uongo wa mtu mzima. Ndipo akanieleza upindo wa gauni langu ulivyo, nilivyovua kiatu cha kushoto muziki ulipokolea, na nilivyofuta machozi nikisingizia jasho. Nikamwacha aendelee kuongea. Mimi!

Video yake nakutumia. Haina dosari. Nami simo hata chembe.

Sasa anakula kwangu tena, na tunataka kufunga ndoa, si sherehe, ni ndoa tu. Picha ya mkewe ipo ukutani kwake. Sikumwambia aitoe, ingawa kile kitambaa cha njano siku nyingine kinanichoma. Ameomba ruhusa ya kukuandikia. Nimemwambia nikuulize kwanza.

Mama yako.


Tarehe 19 Julai

Shikamoo Mama,

Natumaini mu wazima nyote wawili. Ona, nimeandika "nyote."

Video nimeitazama hadi mwisho. Nilikuwa nakutafuta wewe. Nikakasirika kwamba hayupo aliyekurekodi, kisha nikaelewa, nikakasirika zaidi. Wivu ninao bado, sikufichi. Nilidai naona wivu kwa niaba ya Baba, lakini Baba alikuwa nje na baiskeli yake. Wivu ni wangu. Nilizoea kuwa mimi peke yangu ninayekutafutia Mbayuwayu.

Ndoa fungeni. Nitaomba likizo, wakininyima nitakohoa hadi wanifukuze wenyewe.

Mwambie aandike. Asianze na "mwanangu," bado mapema. Mimi nami sijui nimwiteje. "Fundi" halimtoshi tena, na "baba" nikiliandika nalikata. Kwa sasa mpe shikamoo. Shikamoo haihitaji jina.

Mwanao.